Kioo Cheusi na Makominike ya Saa Sita

"Weye uliyesoma," aliniambia, "nani alisema karatasi ikuwe nyeupe?"

Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kazini na nilikuwa sijaweka hata mkoba chini. Aliyeuliza alikuwa Papa Salvator, msomaji wa makominike wa redio yetu, yaani yale matangazo ya familia: nani amefariki, nani amepoteza kitambulisho, nani anamtafuta mtoto wake tangu mapigano ya juzi. Nilikuwa nimetoka Bukavu na shahada ya mambo ya kompyuta ambayo wino wake ulikuwa haujakauka, na nilizoea kwamba mimi ndiye ninayeuliza na wengine ndio wanaohangaika. Nikajibu kwamba karatasi inatengenezwa kwa miti, labda ni kwa sababu hiyo. Akasema mti ukiupasua ndani una rangi ya unga wa mahindi yaliyokaa. Nikasema basi ni pamba. Akasema pamba sawa, lakini hii hapa si pamba, kisha akaenda kunywa chai yake. Kwa siku nzima nilimchukia kidogo.

Mwezi uliopita nilikabidhi kiti changu cha dawati la habari. Watu wakisikia nimestaafu wananitafutia mvi kichwani, wakizikosa wanadhani ninaumwa. Ukweli ni mfupi. Redio yetu ina sheria kwamba aliyefikisha miaka kumi na mitano anawapisha vijana, na sheria hiyo niliipigania mimi mwenyewe, kwa maneno makali, enzi nilipomshuku kila mtu aliyekalia kiti muda mrefu na miaka kumi na mitano ilionekana kwangu kama umri wa mlima. Sasa imenikamata. Bado nashuku kila kitu, ila sasa nafanya hivyo nikiwa nyumbani, ambako wasikilizaji ni wachache na wanaondoka mezani wanapotaka.

Ninyi mnaobaki mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka ile. Juu ya vyeo sitaandika, kwa sababu tulikuwa wanne na kila mmoja alikuwa mkuu wa kitu fulani. Juu ya mishahara pia hapana. Mada hiyo ni fupi mno. Mmeniuliza juu ya kioo: kwa nini kompyuta ya studio inaachwa nyeupe na ya dawati inaachwa nyeusi, na ipi kati ya hizo ndiyo sahihi. Hilo nitalijibu, lakini lazima nizunguke.

Wakati ule redio ilikuwa vyumba viwili na korido, mtaa wa Mulongwe hapa Uvira, juu kidogo ya barabara. Dirisha moja lilitazama ziwa na jingine mlima. La ziwa lilikuwa la kupumzisha macho. La mlima lilikuwa la kazi, maana milio iliyotoka huko ndiyo iliyotuambia kama leo tufungue mikrofoni au tufunge mlango. Ilikuwa miaka ya vita, na sitasema vita vipi, kwa sababu tukianza kuvihesabu tutabishana na hadithi haitaendelea.

Umeme wa laini ulikuja kama mgeni mwenye haraka: anasalimia, anaondoka. Tuliishi kwa pano za jua juu ya bati na batiri za lori chini ya meza, na kati yake konvertisa, kile kisanduku kinachougeuza umeme wa batiri uweze kuendesha mashine. Bwana wa hayo yote alikuwa Kashindi, fundi wetu, mtu wa Makobola, aliyening'iniza kipimo chake cha umeme shingoni kama daktari. Kashindi aliamini namba tu. Ukimwambia kuna baridi, alitaka kujua kiasi gani. Tulipatana tangu siku ya kwanza.

Kioo chetu cha kwanza kilikuwa kile cha zamani, kizito, chenye mgongo mrefu, na weupe wake uliuma macho mpaka kwenye meno. Kashindi akaenda hospitali kuomba filamu za zamani za radiografia, akabandika moja mbele ya kioo. Ilifanya kazi vizuri, weupe ukawa kama moshi wa buluu, ila filamu yenyewe ilikuwa ya mbavu za mtu. Kwa miezi mingi niliandika habari za Uvira juu ya kifua cha mtu nisiyemjua. Kichwa cha habari kiliangukia kwenye mtulinga, na habari ndefu zilishuka mpaka tumboni. Papa Salvator alikuwa akimsalimia kila asubuhi. "Huyu bwana," alisema, "anajuaka habari mbele ya Uvira muzima, na hajatoa siri hata moja." Siku redio ilipoporwa, kioo kilichukuliwa na mbavu zake. Sijui aliyekinunua alifikiri nini alipokiwasha.

Baada ya hapo tukapewa vioo bapa viwili, vyembamba, vya msaada, na pamoja navyo ikaja amri ya Direkteri.

Direkteri, mkuu wa redio yote, alikuwa mwalimu wa zamani, mrefu, mwenye maneno machache, na alikuwa na sheria nyingi. Moja sikuishuku kamwe, kwa hiyo nianze nayo. Zamani makominike yalisomwa kwenye karatasi. Siku moja, kabla sijaajiriwa, watu wenye bunduki waliingia studio, wakakusanya karatasi zilizokuwa mezani, na kabla jua halijazama wakawa wanagonga milango ya watu waliotajwa humo. Tangu hapo karatasi zilikatazwa. Mtu analeta kominike lake mlangoni, linaandikwa kwenye kompyuta, karatasi anarudi nayo mwenyewe mfukoni. Direkteri analipitia kwenye kioo kilekile cha msomaji, linasomwa hewani, linafutwa. Basi. Msomaji wetu hakuwa na kitu kingine cha kusoma ila kioo.

Sheria ya pili ilikuwa kwamba vioo vyote, saa zote, viwe vyeusi na herufi nyeupe. Leo mnabonyeza mara moja na simu nzima inavaa giza, mnaona ni mtindo. Wakati ule ilibidi niingie kwenye mipangilio na kugeuza rangi moja moja. Direkteri alitoa sababu zake kama anaandika ubaoni: weupe unakunywa batiri, weupe unaonekana dirishani, weupe unaharibu macho. Wengine wakaitikia. Mimi nikauliza ni nani aliyepima.

"Mademoiselle," akasema, "kuna vitu vinajulikana."

Hakuna jibu linaloniwasha kama hilo.

Hata hivyo, niwe mkweli kwenu: mimi mwenyewe weusi nilipenda. Nilikaa mbele ya kile kioo tangu asubuhi katika chumba chenye mwanga hafifu, na herufi nyeupe juu ya giza ziliniacha niende nyumbani na kichwa kizima. Kashindi pia alifurahi. Aliyeteseka alikuwa mmoja tu.

Papa Salvator alikuwa mtu wa Katogota, mkulima na katekista kabla ya kuwa sauti. Alisoma kila kominike mara mbili, kwa Kiswahili kisha kwa Kirundi, polepole, kama anayemkabidhi mtu mayai. Watu wa uwandani Ruzizi walimwamini, na hata wafugaji wa Rurambo, ambao hawakuamini kitu chochote kilichotoka mjini, walisimamisha ng'ombe saa sita kumsikiliza. Lakini tangu vioo vigeuzwe weusi alianza kusoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Tulipomuuliza alisema herufi zimevimba.

"Kila herufi iko na ndevu," alisema. "Ya juu inashika ya chini."

Alikuwa na miwani ya sokoni, ile unayoijaribu moja baada ya nyingine mpaka uso wa muuzaji upendeze. Ilikuza herufi na ndevu zake pia. Daktari wa macho wa mji alikuwa amekimbia zamani, na mpaka wa kwenda Bujumbura ulifunguliwa na kufungwa bila kumuuliza mgonjwa. Nikamkuzia maandishi mpaka kominike moja likajaza kioo kizima; akasema sasa ni ndevu za askofu. Nikajaribu njano badala ya nyeupe, ndevu zikapakwa rangi.

Makosa mawili ya kwanza yalikuwa madogo na tukayasamehe. La tatu lilikuwa hivi. Kwenye kioo kulikuwa na makominike mawili, moja juu ya jingine. La juu: familia moja ya Katogota inatangaza kifo cha baba yao, na jina la marehemu linafuata katika mstari wa pili. La chini: Mzee Byamungu wa Makobola anawajulisha ndugu, jamaa na wakwe kwamba Jumamosi atapokea mahari ya binti yake, nyumbani kwake. Papa Salvator alianza la juu, ndevu zikashikana, akaruka mstari na kutua kwenye la chini. Redio ikatangaza, kwa lugha mbili na kwa heshima zote, kifo cha Mzee Byamungu, na kwamba watu wafike Jumamosi nyumbani kwake.

Mzee Byamungu alifika studio Jumatatu, akiwa amevaa koti. Kashindi, ambaye alimjua tangu utotoni, aliingia chini ya meza kukagua batiri. Mzee akakaa bila kukaribishwa.

"Niko nafikiri minye ndiye mufu wa kwanza kupokea wageni wake," alisema. "Nimewapa viti. Mashangazi wamefika kutoka mbali, wanalia tangu barabarani, na unga kichwani, na makaa. Nikasema, niko hapa. Mumoja akaniambia, nyamaza kwanza, tumalize."

Tukamwuliza wakwe walifanyaje.

"Wakwe walisikia vilio, wakageuka na mbuzi zao. Mutangaze leo kama nimefufuka, na mbuzi warudi."

"Na unga?" aliuliza Kashindi kutoka chini ya meza.

"Unga nimekula. Ugali ya matanga yangu iko muzuri."

Tulicheka sana alipoondoka, wote isipokuwa Direkteri, ambaye alikuwa amesikia kitu tulichokipita. Mashangazi wale walikuwa wamepita vizuizi vyote vya njia ya Fizi kwa sababu ya sauti yetu. Kwenye kizuizi kimoja mpwa wa mzee alishushwa na kuwekwa chini nusu siku, kwa sababu alisema anakwenda kwenye mahari na askari walikuwa wamesikia redioni kuna matanga. Kizuizini kusema kitu tofauti na redio ilikuwa kosa. Direkteri akatuita.

"Akikosea jina ya mufu, tutaomba radhi," alisema. "Akikosea jina ya muzima mbele ya barriere, tutazika. Salvator, wiki hii ndiyo ya mwisho. Mademoiselle atasoma."

Hapo ndipo Papa Salvator alituambia jambo ambalo hatukulijua. Mke wake na watoto walikuwa wamevuka kwenda Burundi, wako kambini. Simu hawakuwa nayo. Walipoagana walipatana hivi: kila saa sita mke atasikiliza redio ya jirani. Akisikia mume wake anasoma, basi yu hai, na yeye abaki pale alipo. Akimkosa wiki nzima, ajue kuna jambo, na atarudi kumtafuta. Na njia ya kurudi, mlikuwa mnaijua au mmesimuliwa: uwanda wote wa Ruzizi katikati ya majeshi ambayo hayakukubaliana hata juu ya nani ni adui.

Kashindi akashauri aage hewani, aeleze kwamba ni macho tu. Papa Salvator akatikisa kichwa. Redio ya jirani ilikuwa na betri siku nyingine na siku nyingine haina. Mke wake anaweza kukosa siku ya kuagwa na kuanza kuhesabu kimya kuanzia kesho yake.

"Minye sina shida na kazi," alimwambia Direkteri. "Unipe kufagia. Lakini saa sita, anisikie."

Direkteri akasema tuna mpaka Jumamosi kutafuta dawa, lakini baada ya hapo hewani hataweka mtu anayeua watu kwa kuruka mistari. Alikuwa na haki. Hilo lilinikera kuliko kama angekuwa hana.

Dawa niliipata kwa uvivu. Asubuhi ya pili nilikuwa nimefungua programu mpya ambayo sikuwa bado nimeigeuza rangi, na kioo kilikuwa cheupe, herufi nyeusi, kama karatasi. Papa Salvator alipita nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Akasimama. Akaweka kikombe juu ya konvertisa, jambo ambalo Kashindi alilikataza kwa vitisho, akainama.

"Wamenyoa," alisema.

Akasoma ukurasa mzima bila kujikwaa, Kiswahili na kisha Kirundi, halafu akarudia kwa furaha tu. Nikageuza kuwa weusi: ndevu. Nikarudisha weupe: zimenyolewa. Sikujua kwa nini, na kusema kweli wakati huo sikujali. Baadaye nilisoma kwamba jicho ambalo kioo chake cha mbele hakikupinda sawasawa huziona herufi za mwanga zikimwagika pembeni, hasa gizani ambapo mboni inapanuka. Kwenye weupe mboni inajibana na herufi zinakaa. Kwa macho yake weusi ulikuwa adhabu. Kwa macho yangu ulikuwa zawadi. Kioo ni kilekile.

Ikabaki batiri. Direkteri hakuwa mtu wa kuhurumia mmoja na kuzima redio nzima, na sababu yake ya kwanza ilikuwa kwamba weupe unakunywa. Kashindi naye aliamini hivyo. Kila mtu aliamini, kwa sababu taa ikiwaka si inakula? Nikamwambia, weye si mtu wa namba, pima. Akachomoa pano ili jua lisituharibie hesabu, akaacha kioo peke yake kwenye konvertisa, akaweka kipimo. Weusi. Akaandika kiganjani. Weupe. Akaandika. Akatazama kiganja, akatazama kioo, akapima upya tangu mwanzo, halafu akabadilisha betri ya kipimo chenyewe kwa sababu aliona kinasema uongo.

"Iko sawasawa," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mke wake ana jina lingine. "Weusi iko inakula zaidi. Kidogo, kama unywele."

Tukafungua kitabu kilichokuja na vioo na kukuta maelezo. Kwenye vioo bapa vile, nyuma kuna taa inayowaka wakati wote, ukurasa uwe wa rangi gani. Weusi si taa iliyozimwa. Ni pazia lililofungwa mbele ya taa inayoendelea kuwaka. Tulikuwa tumekaa gizani miezi yote ile kwa kuokoa kitu ambacho hakikuokoka.

Ijumaa nilimwendea Direkteri nikiwa na kipimo, Kashindi, kiganja cha Kashindi, na kitabu. Nilieleza kama niko mbele ya maprofesa. Alisikiliza. Akauliza, na dirisha? Nikamwonyesha kitenge cha mama yangu, kizito, ambacho tayari nilikuwa nimekipigilia misumari. Akauliza, na macho? Nikasema macho ya nani, kwa sababu ya Papa Salvator yamepona, na yangu yatavumilia nusu saa.

Nilikuwa nimeacha makominike ya siku hiyo kwenye kioo cha studio, weupe, tayari. Nikamwomba akae ayapitie mwenyewe kama kila siku, ili aone kama kuna ubaya wowote. Akakaa kwenye kiti cha msomaji. Akaweka mikono magotini, akasogeza uso mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Papa Salvator alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama anangoja hukumu, na kwa kweli ndiyo ilikuwa hukumu.

Direkteri akainuka. "Nimesoma," alisema. "Iko muzuri. Salvator abaki. Kioo cha studio weupe, cha dawati weusi."

Akatoka kwenye korido akipapasa ukuta kwa vidole, kama watu warefu wanavyofanya. Mimi nilijisikia nimeshinda kesi. Kashindi hakunawa kile kiganja mpaka siku iliyofuata.

Saa sita ya kesho yake Papa Salvator alisoma. La kwanza lilikuwa la Mzee Byamungu, ambalo Direkteri alikuwa amelizuia wiki nzima lisije likamwua mara ya pili: kwamba yuko hai, ana afya, na mahari itapokelewa Jumamosi ijayo. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye Kirundi sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, ile ya mayai, na Kashindi ambaye hakujua neno la Kirundi alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa kitufe. Papa Salvator alisoma hivyo kila siku ambayo mlima ulituruhusu, mpaka uwanda ulipotulia na familia ikarudi kwa njia ya kawaida, mchana, na vyungu vyake. Mke wake aliniambia kwamba kambini walikuwa wakianika betri za redio juani asubuhi ili zipate nguvu ya saa sita. Siku ya ufufuo wa Byamungu, alisema, kambi nzima ilicheka, na yeye alilia, na watu wakadhani hakuelewa mzaha.

Mambo machache ya kazi, kwa sababu mmeniomba hayo na mimi nimewapa mahari. Usimchagulie mwenzako rangi ya kioo. Mwulize asome mstari mmoja kwa sauti, utajua. Mchana kweupe, karibu na dirisha, weusi utakurudishia uso wako badala ya maandishi, tumia weupe. Kwenye chumba chenye giza weupe ni tochi usoni. Tumia weusi, au washa taa, ambalo ni jambo watu husahau kuwa linawezekana. Simu zenu za bei kubwa, zile ambazo kila kitone kinajiwashia taa yake, hizo weusi unaziokolea chaji kweli, kwa hiyo Direkteri alikuwa sahihi, ila alitangulia vifaa kwa miaka mingi. Simu za bei ndogo bado zina pazia na taa nyuma. Anayewaambia kwamba moja ni nzuri kwa watu wote, mwulizeni nani aliyepima.

Jambo la mwisho ni ile desturi yetu ya kusomeana, ambayo nimeifundisha kwa kila mmoja wenu hadi mkachoka. Ilianza wiki ileile ya kitenge. Direkteri aliacha kupitia makominike kwenye kioo. Alivuta kiti karibu na mlango, akafumba macho, akasema kuanzia sasa kila tangazo litasomwa kwa sauti mbele yake kabla ya kwenda hewani, kwa kuwa redio ni masikio, na tangazo ambalo halieleweki kwa masikio halijaandikwa bado. Ilikuwa desturi nzuri. Ilikamata makosa ambayo macho yetu manane yalikuwa yakiyapita. Mimi, ninayeshuku kila kitu, hiyo sikuishuku. Niliiita shule yake, na alipofariki niliiendeleza kwa jina lake.

Siku ya kunikabidhi zawadi, binti yake, ambaye ni muuguzi ng'ambo, Bujumbura, alikuwapo, na nikamsimulia kwa majivuno jinsi nilivyomshinda baba yake kwa kipimo cha Kashindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba baba yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, tangu kabla vioo bapa havijafika. Kwenye weupe aliona mwanga mtupu, kama taa za gari ndani ya ukungu. Kwenye weusi peke yake ndipo herufi zilimbakia, na ndiyo sababu ya amri ile. Batiri aliisingizia kwa sababu hakutaka redio ijue. Ijumaa ile alirudi nyumbani, akawaambia kwamba ameachia kioo, kwa sababu kuna mwanamke kambini anasikiliza, na kwamba kesho ataanza kusomewa. Muda wote ule alioinama mbele ya ukurasa wangu mweupe, binti yake alisema, hakuona hata herufi moja.